Jua la Utosi, Maji ya Kisima na Theluji ya Kibo: Majibu kwa Wasomaji

Barua za mwezi huu zimetoka mbali na karibu, kuanzia Temeke hadi Muscat, lakini karibu zote zimebeba dhana moja: kwamba kilicho karibu na chanzo cha joto lazima kiwe cha moto, na kilicho mbali lazima kiwe baridi. Kwa mafiga ya jikoni ni kweli. Kwa Dunia na Jua dhana hiyo inapotosha, kwani huko kinachoamua ni pembe ambayo miale inatua, muda inaoendelea kutua, na njia ambayo joto linapata ya kutorokea. Tumeanza na barua ya mwalimu kwa sababu inampa kila msomaji kazi ya kufanya kwa mikono yake.

Shikamooni. Nafundisha jiografia, kidato cha pili. Vitabu vyote vinasema mhimili wa Dunia umeinama nyuzi 23 na nusu, nasi tunakariri tu. Je, wanafunzi wanaweza kuupima wenyewe bila vifaa vya gharama? (Mwalimu, Temeke, Dar es Salaam)

Marahaba, Mwalimu. Wanaweza, tena kwa kosa lisilozidi nusu nyuzi, wakiwa na ubao, uzi, jiwe na futi kamba.

Msingi wake ni huu. Kila siku, Jua linapofika juu kabisa, kivuli cha kitu kilichosimama wima hulala kwenye mstari wa kaskazini na kusini. Mwezi wa Juni Jua liko kaskazini mwa Dar es Salaam, kwa hiyo kivuli cha adhuhuri huangukia kusini. Desemba limehamia upande wa pili, kivuli huangukia kaskazini. Ukipima ni nyuzi ngapi Jua limepungukiwa kufika utosini tarehe 21 Juni, ukapima tena tarehe 21 au 22 Desemba, ukajumlisha na kugawa kwa mbili, umepata mwinamo wa mhimili. Ukitoa badala ya kujumlisha, kisha ukagawa kwa mbili, umepata latitudo ya shule yako. Kwa hiyo vipimo viwili tu vinakupa majibu mawili.

Chukua ubao unaozidi mita moja kidogo, uusimamishe kwenye ndoo ya mchanga uliokandamizwa. Kata kadibodi ya sentimita 15 kwa 15, itoboe katikati kwa msumari kitundu cha milimita 4 hivi, na uigongomee juu ya ubao ikiwa imelala bapa, kitundu kikiwa nje ya ubao, sentimita 100 kamili kutoka sakafuni. Sakafu iwe ya zege, iliyopimwa kwa pimamaji. Teremsha timazi kutoka kwenye kitundu, uweke alama ya X pale inapogusa sakafu, kisha uondoe uzi. Vipimo vyote vitaanzia kwenye X, kamwe si kwenye shina la ubao. Ubao ulioegama nyuzi moja tu husogeza kilele chake karibu sentimita 1.7, na kosa la sentimita moja katika kazi hii ni sawa na karibu nusu nyuzi. Ukianzia kwenye X, ubao uegame utakavyo, hesabu haitaharibika.

Kwa nini kitundu, na si ncha ya kijiti kama vitabu vingi vinavyoelekeza? Kwa sababu Jua si nukta. Upana wake angani ni nusu nyuzi, hivyo ncha ya kivuli cha kijiti cha mita moja hufifia kwa karibu sentimita nzima, na kila mwanafunzi ataweka alama mahali pake. Kitundu kinatoa doa la mwanga la duara katikati ya kivuli cha kadibodi, na doa hilo ni sura ya Jua lenyewe. Alama iwekwe katikati ya doa.

Sasa saa. Hapa ndipo wengi wanapokosea, kwani wanapima saa 6 kamili mchana. Saa za Afrika Mashariki zimepangwa kwa longitudo ya nyuzi 45 mashariki, mstari unaopita Somalia. Kila nyuzi moja kuelekea magharibi inachelewesha adhuhuri kwa dakika 4. Dar es Salaam iko nyuzi 39.3, hivyo adhuhuri ya kweli huangukia kwa wastani saa 6:23. Hata hivyo hubadilika kwa mwaka, kutoka saa 6:06 hivi mwanzoni mwa Novemba hadi saa 6:37 katikati ya Februari, kwa kuwa mwendo wa Dunia kulizunguka Jua haulingani siku zote na mhimili wenyewe umelala. Tarehe 21 Juni ni saa 6:25, na 21 Desemba ni saa 6:21. Walio Mwanza wasubiri hadi karibu saa 6:50. Walio Kigoma, adhuhuri yao ya Juni ni baada ya saa 7.

Usitegemee saa peke yake. Anza saa 5:55, weka alama kila baada ya dakika 5 mpaka saa 6:55, kisha unganisha alama zote kwa mstari mlaini wa chaki. Umbali mfupi kabisa kutoka X hadi kwenye mstari huo ndio kipimo cha siku.

Hapo Temeke utapata sentimita 58 na kitu Juni, na karibu sentimita 30 Desemba. Gawa kila kipimo kwa 100, tafuta pembe kwenye jedwali la tanjenti: 0.583 ni nyuzi 30.2, na 0.299 ni nyuzi 16.6. Jumla yake ni 46.8, na nusu ya jumla ni 23.4. Tofauti yake ni 13.6, na nusu ni 6.8, ambayo ndiyo latitudo ya Dar es Salaam kusini mwa Ikweta. Kama hakuna jedwali, chora pembetatu kwenye karatasi ya grafu, simamo sentimita 10 na ulalo sentimita 5.8, upime pembe ya juu kwa kipimapembe.

Tatizo lako kubwa, Mwalimu, litakuwa kalenda ya shule, maana tarehe hizo mbili mara nyingi huangukia likizo. Kuna njia mbili. Kwanza, Jua hukawia sana likifika ukomo wake: ukipima wiki moja kabla au baada ya tarehe hizo, kosa halifiki nyuzi 0.2, kwa hiyo siku za mawingu zisikukatishe tamaa. Pili, anza na siku ya sikusare, yaani tarehe 20 Machi au 22 na 23 Septemba, Jua linapokuwa juu ya Ikweta. Pembe ya adhuhuri ya siku hiyo ni latitudo yako moja kwa moja. Kwa mita moja utapata karibu sentimita 12, doa likiwa kusini mwa X. Kisha mwanafunzi mmoja apime nyumbani wakati wa likizo ya Juni, na darasa litoe 6.8 kutoka kwenye jibu lake. Angalizo: siku za sikusare Jua huhama kwa nyuzi 0.4 kwa siku, kwa hiyo huko tarehe haina msamaha.

Mwanangu wa darasa la sita ananiambia Dunia huinamia upande huu Juni, halafu huinuka na kuinamia upande wa pili Desemba. Mimi naona kama Dunia ingefanya hivyo tungeanguka. Nani yuko sahihi? (Mzazi, Morogoro)

Hakuna kuinuka. Mhimili unaelekea upande uleule mwaka mzima, ncha yake ya kaskazini ikitazama karibu na Nyota ya Kaskazini. Kinachobadilika ni upande ambao Jua lipo.

Mfanyie mwanao jaribio hili usiku. Weka taa katikati ya meza. Choma chungwa kwa njiti ya mshikaki, chora Ikweta kwa kalamu, kisha ulaze njiti: kwa kila sentimita 10 za kwenda juu, kilele kisogee pembeni sentimita 4.3. Huo ndio mwinamo halisi. Chagua ukuta mmoja wa chumba na uhakikishe njiti inauelekea wakati wote. Zungukeni meza. Upande mmoja wa meza sehemu ya juu ya chungwa inapata mwanga zaidi, upande wa pili ni sehemu ya chini, na katikati ya safari, sehemu zote mbili zinapata sawa. Wanaokosea huwa wanauzungusha mkono pamoja na mwili, njiti ikawa inaitazama taa muda wote. Hapo wamepata Dunia isiyo na majira.

Nimesikia kwamba Januari Dunia iko karibu zaidi na Jua. Je, ndiyo sababu Dar na Tanga huwa tanuri miezi hiyo? (Msomaji, Tanga)

Ulichosikia kuhusu umbali ni kweli. Mwanzoni mwa Januari tuko kilomita milioni 147.1 kutoka kwenye Jua, na mwanzoni mwa Julai milioni 152.1. Tofauti hiyo inaongeza nguvu ya mwanga wa Januari kwa karibu asilimia 7. Si haba, lakini si sababu kubwa.

Tumefanya hesabu ya nishati inayofika juu ya angahewa kwa siku nzima, kwenye latitudo ya Dar es Salaam. Mwinamo peke yake, kwa kubadili pembe ya Jua na urefu wa mchana, unaipa siku ya Desemba takriban asilimia 18 zaidi ya siku ya Juni. Ukiongeza umbali, zinakuwa kama 25. Nusu saa na zaidi ya mwanga wa ziada imo humo: mchana wa Dar ni saa 12 na dakika 31 Desemba, na saa 11 na dakika 43 Juni. Nairobi, iliyo jirani na Ikweta, tofauti yake haizidi dakika 9 au 10. Sasa linganisha na London, ambako siku ya Juni inapata zaidi ya mara sita ya nishati ya siku ya Desemba, ingawa Juni ndipo Dunia iko mbali. Na ukipima wastani wa joto la Dunia nzima, Julai huishinda Januari kwa karibu nyuzijoto 4, kwa sababu nchi kavu nyingi iko kaskazini, na nchi kavu hupata joto upesi kuliko bahari.

Hata hiyo asilimia 25 haitoshi kueleza Februari ya Tanga. Ongeza bahari, ambayo huchelewa kupata moto na huchelewa kupoa, hivyo maji ya pwani huwa ya moto zaidi Machi kuliko Desemba. Ongeza pepo. Kaskazi, inayovuma tangu Desemba hadi Machi, haitoki kwenye bahari ya baridi. Kusi, kuanzia Aprili, inaleta hewa kutoka kusini ambako ni kipupwe, nayo ndiyo inayotufariji Julai. Mabaharia wa majahazi walizifuata pepo hizi kwa karne nyingi, na zote mbili ni zao la mwinamo uleule: ukanda wa joto kali hulifuata Jua kaskazini na kusini, na hewa hukimbilia huko.

Mlima uko karibu na Jua kuliko sisi tulio chini. Kwa nini Kibo, kilele cha Kilimanjaro, ina barafu na Moshi mjini tunatokwa jasho? Na ukipanda zaidi ya ndege, baridi inaongezeka mpaka wapi? (Mwanafunzi, Moshi)

Kilele cha Uhuru kina mita 5,895. Weka hizo kilomita 6 kasoro mbele ya kilomita milioni 147 na utaona kwamba hazihesabiki.

Hewa haipashwi joto na miale ya Jua moja kwa moja kwa kiasi kikubwa. Mwanga mwingi huipenya tu. Miale hupasha ardhi na bahari, nazo hupasha hewa iliyo juu yake, kama sufuria inavyopashwa kutoka chini. Hewa ya chini ikiwa ya moto huwa nyepesi, hupaa, na ikipaa inakuta shinikizo dogo, inatanuka. Kutanuka kunaigharimu nishati, nayo inapoa. Umeshajaza tairi la baiskeli kwa pampu ya mkono: pampu inapata moto kwa sababu hewa imebanwa. Mlimani ni kinyume chake. Hewa kavu inayopanda hupoteza karibu nyuzijoto 10 kwa kila kilomita. Ikifika kiwango cha mawingu, mvuke ukigeuka matone hurudisha joto na upoaji hupungua. Wastani unaotumika kwenye hesabu ni 6.5 kwa kilomita.

Jaribu mwenyewe. Moshi iko karibu mita 800. Mchana wa nyuzijoto 28, panda kilomita 5.1, toa 33, unapata 5 chini ya sifuri. Hiyo inakaribiana na hali halisi ya kileleni, ambako wastani wa mwaka ni kama 7 chini ya sifuri. Angalia pia kwamba barafu ya Kibo haipungui kwa kuyeyuka tu. Hewa ya juu ni kavu na Jua ni kali, hivyo sehemu kubwa ya barafu hugeuka mvuke bila kupitia hali ya maji, huku theluji mpya ya kuifidia ikiwa chache. Mwaka 1912 barafu ilifunika karibu kilomita za mraba 12. Kufikia 2011 hazikufika 2. Ni hasara inayoumiza, na wenyeji wa Moshi mnaiona kwa macho.

Kanuni ya 6.5 ina udhaifu wake: usiku mtulivu usio na mawingu huivunja. Ardhi hupoteza joto lake angani, hewa iliyoigusa hupoa, na kwa kuwa hewa baridi ni nzito huteremka mabondeni kama maji. Ndiyo maana sakitu ya Juni hadi Agosti huko Nyanda za Juu Kusini huunguza viazi vya bondeni na kuviacha vya mteremko. Mkulima anayepanda mbegu nyeti asiziweke kwenye shimo la bonde, hata kama udongo wake ni mzuri.

Kuhusu swali lako la pili, baridi inaongezeka mpaka kilomita 16 au 18 hapa kwetu, ambako hufika nyuzijoto 80 chini ya sifuri. Kwenye ncha za Dunia ukomo huo uko kilomita 8 au 9 tu, na baridi yake haifikii ya kwetu. Ndiyo, hewa ya juu ya Ikweta ni baridi kuliko hewa ya juu ya ncha, kwa sababu kwetu inapanda mbali zaidi kabla ya kusimama. Baada ya hapo joto linageuka na kuanza kupanda, kwani gesi ya ozoni inanyonya miale ya urujuanimno. Kwenye kilomita 50 ni karibu sifuri. Kisha linashuka tena hadi kama 90 chini ya sifuri kwenye kilomita 85 au zaidi, halafu linapaa hadi mamia ya nyuzi, hata zaidi ya 1,000 Jua likichachamaa. Lakini huko juu kabisa chembe ni chache mno. Kila chembe ina mwendo mkali, ndiyo maana tunasema joto ni kubwa, ila hazitoshi kukuchoma. Kipimajoto kilichowekwa kivulini huko kingepoteza joto lake kabla ya kupewa lingine.

Kipimajoto changu cha ukutani kinaonyesha 38, redio inasema 32. Nani anadanganya? (Msomaji, Dodoma)

Kila kimoja kinapima kitu chake. Chako kinapima ukuta na bati. Kipimo rasmi huchukuliwa ndani ya kisanduku cheupe chenye mbavu za kupitisha hewa, kati ya mita 1.25 na 2 juu ya majani mafupi, mbali na kuta. Kitundike chako chini ya mti wenye kivuli kizito, mita moja na nusu kutoka ardhini, usubiri dakika 15, usikishike kwenye tungi lake. Na kwa kuwa kwetu Jua hupita kaskazini nusu ya mwaka na kusini nusu nyingine, kivuli cha Januari huenda Julai kisiwepo.

Maji ya kisima chetu ni ya vuguvugu alfajiri na ya baridi mchana. Bibi alikuwa akisema kisima kina pumzi yake. Nako bombani ni kinyume, mchana yanatoka ya moto. Sababu ni nini? (Mama wa watoto watatu, Wete, Pemba)

Mama, maji ya kisima hayabadiliki. Ni mkono wako. Kisima cha mita kadhaa kina maji ya joto karibu moja mwaka mzima, kwa pwani yetu nyuzijoto 27 hivi. Alfajiri hewa ya kipupwe ikiwa 21, maji hayo yanakupa vuguvugu. Mchana hewa ikiwa 32, maji yaleyale yanaburudisha. Teremsha kipimajoto ndani ya ndoo, kiache dakika 5 chini ya maji, usome kikiwa bado majini, saa 12 asubuhi na saa 8 mchana. Tofauti itakuwa ndogo sana.

Udongo ni mpitishaji dhaifu wa joto. Wimbi la joto la mchana hushuka polepole huku likififia: kila sentimita 10 hadi 12 linabakiwa na kama theluthi moja tu ya nguvu yake, na linachelewa karibu saa 4. Kwa hiyo joto la saa 7 mchana linafika sentimita 30 karibu na usiku wa manane, likiwa asilimia 5 au kidogo zaidi ya lilivyokuwa juu. Mita moja chini, mchana na usiku havijulikani tena. Mabadiliko ya majira yanashuka zaidi, lakini kufikia mita 10 nayo yamekwisha, na kinachobaki ni wastani wa mwaka wa mahali hapo. Pwani wastani huo ni wa kiangazi cha kudumu. Uingereza mapango ya kina hicho hukaa kwenye 10 au 11.

Bomba lako bila shaka limefukiwa sentimita 10 au 15, au limepita juu ya ardhi. Mwambie fundi achimbe sentimita 50 hadi 60, asishindilie mawe juu ya bomba, na kipande kinachopanda ukutani kiwe upande wenye kivuli. Tangi likiwa jeusi na liko juani, kuchimba huko hakutasaidia; lijengee paa la makuti kwanza.

Hapa Goma tumeona moto wa volkano ya Nyiragongo ukiingia mjini 2002, na 2021 ukafika kingoni mwa mji. Chini kuna joto kiasi gani, na mnajuaje kama hakuna aliyefika? (Msomaji, Goma)

Tunawapa pole wote mliopoteza nyumba na ndugu.

Katika ganda la Dunia joto huongezeka nyuzijoto 25 hadi 30 kwa kila kilomita. Mgodi wa dhahabu wa Mponeng, Afrika Kusini, unashuka karibu kilomita 4, na mwamba wake una joto la zaidi ya 60. Bila barafu inayopelekwa chini hakuna anayeweza kufanya kazi humo. Shimo lenye kina kikubwa kuliko yote ni la Kola, Urusi, lililofika mita 12,262 mwaka 1989. Walitarajia kukuta 100, wakakuta karibu 180, na mwamba ukawa laini kiasi cha kuziba tundu.

Hapa kuna kosa tunalolikuta hata kwenye daftari za wanafunzi hodari: kuzidisha 25 kwa kilomita 6,371 mpaka katikati. Jibu linakuwa zaidi ya 150,000, na si kweli. Chini ya ganda kuna koti, mwamba mgumu ambao kwa mamilioni ya miaka hutiririka kama lami, ukibeba joto juu. Kinachochanganywa hivyo hakiongezi joto upesi. Humo ni kama nusu nyuzijoto au pungufu kwa kilomita. Hivyo chini ya bara unakuta karibu 1,300 mahali koti linapoanza kulainika, karibu 4,000 kwenye mpaka wa kiini, kilomita 2,890, na kati ya 5,000 na 6,000 katikati. Joto hilo la katikati ni sawa na la uso wa Jua.

Tunajua kwa njia kadhaa. Mawimbi ya tetemeko yanayotikisa kando hayapiti kwenye kimiminika, nayo hupotea yakifika kwenye kiini cha nje, kwa hiyo pale chuma kimeyeyuka. Mwaka 1936 Inge Lehmann wa Denmark aligundua, kutokana na mawimbi mengine yaliyorudishwa, kwamba ndani yake kuna kiini kingine, ambacho leo tunajua ni kigumu. Ni kigumu ingawa kina moto zaidi, kwa sababu shinikizo la huko, zaidi ya mara milioni 3 ya hewa yetu, haliachii chembe za chuma zitawanyike. Maabara hubana chuma kati ya almasi mbili, hukipasha kwa leza, na kuona kinayeyuka kwa joto lipi kwenye shinikizo hilo.

Joto hilo ni mabaki ya kuumbika kwa Dunia pamoja na kuoza kwa urani, thori na potasi miambani. Lakini linapanda polepole mno. Linalotoka chini ya uwanja mzima wa mpira halifikii nguvu ya pasi moja ya umeme. Ndiyo maana hali ya hewa hailitegemei, na ndiyo maana maji ya Wete yanafuata Jua, si kiini.

Ni pale ganda lilipopasuka ndipo joto linapata njia ya mkato, na Bonde la Ufa ni mpasuko wa namna hiyo. Olkaria, jirani na Naivasha, visima vya kilomita 2 hadi 3 hukuta zaidi ya nyuzijoto 300, na umeme umekuwa ukizalishwa huko tangu 1981. Kwenu lava ya Nyiragongo inazidi 1,000 na ni nyepesi, haina silika nyingi, madini yanayoifanya lava iwe nzito, ndiyo sababu hukimbia mteremkoni kwa kasi ya kutisha. Oldoinyo Lengai, volkano ya Tanzania, ina lava ya kaboneti za sodiamu yenye joto la 500 hadi 600 tu. Mchana haionyeshi wekundu, inatiririka nyeusi kama oili chafu, na baada ya siku chache hugeuka nyeupe kwa unyevu. Mgeni anayedhani lava isiyong'aa imepoa hupoteza mguu.

Je, hizo nyuzi 23.4 ni za milele? (Msomaji, Bujumbura)

La. Huenda kati ya 22.1 na 24.5 na kurudi, safari nzima ikichukua kama miaka 41,000. Sasa mwinamo unapungua kwa nyuzi 0.013 kwa karne, na mistari ya tropiki, yaani ukomo wa Jua la utosi kaskazini na kusini, inasogea kuelekea Ikweta kwa mita 14 au 15 kila mwaka. Mwezi ndio unaoutuliza mhimili wetu.

Muscat Jua likiwa utosini Juni tunafika 45. Zanzibar nako hupita utosini Machi, mbona haifiki huko? (Mzaliwa wa Unguja, Muscat)

Ndugu, kwenu Jua likifika hukaa. Tropiki ya Kansa inapita karibu kabisa na Muscat, na hapo ndipo Jua hugeuka: kwa siku 34 hivi linabaki ndani ya nyuzi moja ya ukomo wake, na mchana wenu unakuwa saa 13 na dakika 35. Unguja Jua hupita mbio, nyuzi 0.4 kila siku, mchana ni saa 12 na kidogo, na mawingu ya masika yanaanza kukusanyika. Kwenu hakuna wingu, na ardhi ni kavu, kwa hiyo joto haliishii kwenye kukausha maji, lote linabaki kupasha hewa. Salalah, iliyo kusini zaidi, ina Jua la utosi pia, lakini pepo za Juni hadi Septemba huiletea ukungu na manyunyu, ndiyo maana watu wa Muscat hukimbilia huko.

Ukitaka kuliona kwa macho, simamisha kijiti cha mita moja kwa timazi tarehe 21 Juni, saa 6:08 mchana kwa saa za Oman. Kivuli chake hakitafika nusu sentimita.